Kwa Nini Kisu cha Mfinga Huuzwa Bila Mpini

Ukipanda hadi soko la Mfinga, kule juu milimani, utakuta visu vimelazwa juu ya majani ya mgomba, vyote vitupu. Makali upande huu, mkia wa chuma upande ule, mrefu kama kiganja cha mtu mzima, na mpini hakuna. Mhunzi amekaa nyuma ya visu vyake kimya, kwa kuwa haruhusiwi kuvisifu. Wageni hucheka. Husema wahunzi wa Mfinga ni wavivu, kazi hawaimalizi. Waacheni wacheke, hawajui. Lakini ninyi mliozaliwa hapa nikiwasikia mkicheka nitawafukuza kwenye moto huu, maana mpini ule uliondolewa kwa machozi ya mtu, nami kila nikilisimulia jambo lenyewe hasira hunipanda upya. Sogeeni, basi. Mwenye usingizi akalale kwao.

Hapo zamani visu vya Mfinga viliuzwa na mipini yake, kama vya mahali pengine. Mhunzi alikuwa mmoja, Kajiru, mtu wa maneno machache. Kisu chake kilikuwa na mgongo mnene, na mkia wake ulipita ndani ya mpini wote mpaka ukachungulia upande wa pili. Hakupamba. Mpini wake ulikuwa wa mti mgumu, uliolainishwa basi, na ukishaingia jasho la mwenyewe uligeuka mweusi. Ukienda kununua, alikupa kisu na gogo la kuni. Ulitakiwa ukisimamishe kisu juu ya gogo, ukipige mgongoni kwa rungu mpaka gogo lipasuke, kisha umrudishie akiangalie. Kisu kilichotikisika mpinini alikirudisha motoni mwenyewe, bila kuambiwa.

Kajiru akafa. Kibanda chake cha uhunzi, mivukuto na nyundo, vyote vikaangukia kwa mpwa wake, Mbonea.

Mbonea alikuwa na mikono mizuri ya kuchonga, hilo tusimnyime. Mipini yake ilikuwa na vichwa vya ndege, na mistari, na waya wa shaba uliozungushwa ukang'aa. Watu walikuja kutoka vilima vingine kuitazama. Ila chuma kilimchosha. Kufua mkia mrefu ni kazi ya asubuhi nzima, na makaa huisha. Basi akaanza kuukata mkia, kila mwaka mfupi zaidi ya mwaka uliopita, na pengo lililobaki ndani ya mpini akalijaza utomvu wa miti uliochanganywa na majivu. Nje huoni kitu, hata mwisho wa mpini umefunikwa na kichwa cha ndege. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mtauliza, watu hawakuona visu vikivunjika? Waliona kuvunjika, ndani hawakuona. Mfinga palikuwa na desturi kwamba kisu kikivunjika, mwenyewe afumbe macho, akiviringishe kwenye jani la mgomba na kukirudisha kwa mhunzi. Ilisemekana ndani ya mpini hukaa kivuli cha mhunzi wa kwanza, na mwenye kukitazama hupofuka. Nani alisema hivyo, hakuna aliyekumbuka. Mbonea alilipokea jani lile, akalitupa motoni mbele ya watu, akatikisa kichwa, akatoa hukumu: "Chuma ni kizima. Mkono ndio mbaya."

Na mtu akishaitwa mkono mbaya, ndiyo basi. Hashiki kisu tena, wala shoka, wala panga, mpaka anakwenda kaburini. Na jambo linaloniunguza ni hili: katika miaka yote ya Mbonea, hakuna mkono wa mzee wa baraza uliowahi kuwa mbaya. Kisu cha mzee kikivunjika, alipewa kingine. Mikono mibaya ilikuwa ya wanawake, na ya wanaume wachache wasio na ndugu wa kuwasemea. Na watu wazima, wenye akili zao, walikaa wakaitikia.

Mmoja wa hao wenye mikono mibaya alikuwa mama mmoja aitwaye Namsi. Miaka tisa hakugusa makali. Muhogo aliuponda juu ya jiwe. Mboga alizikata kwa kucha. Ndizi mbichi, ambazo ndizo chakula chetu, alizimenya kwa meno, mpaka utomvu ukaufanya mdomo wake mweusi na watoto wakamtungia utani. Binti yake, Nakiete, aliyaona hayo tangu akiwa msichana, na siku moja moja alipompelekea ndizi zilizokwisha kumenywa, mama alikasirika. Alisema si mgonjwa.

Nakiete huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia. Alikuwa amekua, ameolewa na Kiangi, na kazi yake ilikuwa mizinga ya nyuki. Alipasua magogo, akayachimba, akachonga vigingi na mifuniko, akaitundika mizinga msituni pamoja na mumewe. Kisu kilikuwa ndio mkono wake wa tatu. Kile alichorithi kwa shangazi yake kilikuwa kimenolewa hadi kikabaki chembamba kama jani la mwanzi, kwa hiyo akaenda kwa Mbonea kununua kingine.

Aliomba gogo la kukijaribia kisu, kama ilivyokuwa enzi za Kajiru. Mbonea akawageukia wanaume waliokuwa wakiota moto, akasema, "Mmesikia? Mchagua jembe si mkulima, dada yangu." Wakacheka wote. Nakiete akaona haya. Na kusema kweli, kwa kuwa hadithi ya kumpamba mtu si hadithi, alikuwa pia amependa waya wa shaba. Akakichukua kisu chenye kichwa cha njiwa, akaondoka nacho bila kukijaribu.

Mwezi haukuisha. Walikuwa msituni, yeye na Kiangi, wakipasua kipande cha mti cha kufunikia mzinga. Kiangi ameshika mti, Nakiete anagonga mgongo wa kisu kwa rungu, taratibu, kama alivyofunzwa. Pigo la tatu, chuma kikachomoka mpinini, kikaruka, kikampasua Kiangi mkono kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo. Nakiete alirarua kanga yake akamfunga, akakaza, akamlaza chini ya kivuli mpaka damu ikapungua.

"Fumba macho, mke wangu," Kiangi akasema, maana mpini ulikuwa miguuni pa mkewe, tundu limeelekea juu. "Tafuta jani tukirudishe."

Nakiete akamtazama mumewe, damu inavuja kwenye kanga. Akamkumbuka mama yake na mdomo wake mweusi. Ndipo alipojua kilichokuwa kinamngoja nyumbani: hataitundika mizinga tena, na siku moja binti zake watamletea ndizi zilizomenywa naye atawakasirikia.

"Nimefumba vya kutosha," akasema. Akauokota mpini, akatazama ndani.

Hakupofuka. Aliona utomvu uliokauka na majivu. Akaokota chuma, akautazama mkia wake. Haukuzidi pingili moja ya kidole gumba. Alikaa chini, akautazama muda mrefu, akilia kwa hasira, na Kiangi naye akaomba aoneshwe.

Siku ya tatu baraza likakaa mbele ya kibanda cha mhunzi, asubuhi, watu wamejaa. Mzee Sekiete, mkuu wa baraza, alikaa kwenye kigoda. Nakiete akaja na jani lake la mgomba limefungwa vizuri kwa kamba, macho ameyainamisha, akamkabidhi Mbonea. Mama yake Namsi alisimama nyuma kabisa, ameziba uso kwa kanga.

Mbonea akalipima jani mkononi. Akalitupa motoni. Akatikisa kichwa kama kawaida yake.

"Nimekipima," akasema. "Chuma ni kizima. Mkono wa mke wa Kiangi ndio mbaya."

"Umekiona chuma chenyewe, fundi?" Nakiete akauliza.

"Mimi ndiye mwenye kukiona."

"Basi tazama motoni."

Jani lilikuwa limekwisha kuungua. Katikati ya makaa palikuwa na gunzi la mahindi, linawaka vizuri, halina habari. Nakiete akafungua pindo la kanga, akakitoa chuma na mpini wake, akaviweka juu ya jiwe la kufulia, mkia umeelekea kwa watu.

Mngetegemea watu wamgeukie Mbonea. Hapana! Walimgeukia yeye. Mmoja alipiga kelele kwamba ametazama, mwingine akasema mwanamke huyu ataleta ukame. Mzee Sekiete akasimama na fimbo yake. "Mwanangu, umeivunja desturi ya baba zetu," akasema. "La mkono sasa ni dogo. Hili ni kubwa zaidi."

Nakiete hakukaa. "Shikamoo, baba," akasema. "Nina swali moja, kisha mnifanye mnavyotaka. Fundi huuza visu vyenye shaba na vichwa vya ndege. Mbona yeye mwenyewe kiunoni amevaa kisu kibaya, kina mpini mweusi, hakina hata mstari?"

Watu wakatazama kiuno cha Mbonea. Kisu kilikuwepo, ndani ya ala ya ngozi iliyochakaa, na kila mtu alikuwa amekiona kila siku bila kukiona. Mbonea akakifunika kwa kiganja.

Ndipo akatokea Bibi Nakundwa, mjane wa Kajiru, akitembelea mkongojo. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi nyuma ya kibanda kile, na hakuna aliyewahi kumuuliza neno. Akanyoosha mkono. "Hicho ni cha mume wangu," akasema. "Nipe."

Mbonea hakuweza kumnyima mke wa mjomba wake mbele ya watu. Bibi Nakundwa akakilaza kisu juu ya jiwe, akachukua nyundo ya marehemu kwa mikono miwili, akapiga mpini mara moja, mara mbili. Mti ukapasuka. Ndani kulikuwa na mkia wa chuma, mnene, umekwenda kutoka kwenye makali hadi mwisho wa mpini, hauna pengo hata la kupitisha ukucha. Akaulaza kando ya ule wa Nakiete. Hapakuwa na haja ya mtu kueleza.

"Na kuhusu jani," Bibi Nakundwa akaendelea, "mume wangu alisema kisu kilichovunjika kiviringishwe jani kisije kikakata watoto njiani. Basi. Kufumba macho mmejiongezea wenyewe."

Watu wakaona aibu, na walistahili. Mzee Sekiete akakohoa. Akasema fundi amekosea, na binadamu huteleza, na penye wazee hapaharibiki neno, basi yaishe. Mnaijua sauti hiyo. Ndiyo sauti ya mkubwa anayetaka kwenda kula.

"Hayaishi, baba," Nakiete akasema. "Mama yangu amemenya ndizi kwa meno miaka tisa. Nyinyi mlikuwa mnapita njiani mnamwona. Anayetaka yaishe, na aanze kumwomba radhi yule pale, kwa jina lake."

Wakageuka. Namsi aliondoa kanga usoni. Na mzee Sekiete, mwenye fimbo na kigoda, alitembea mpaka nyuma kabisa ya umati akamwomba radhi, kwa jina lake, huku watu wote wanasikiliza. Baada yake wakafuata wengine. Wapo walioinamisha tu vichwa wakapita haraka, nao tunaujua ukoo wao mpaka leo.

Wasikilizaji wengine hutaka niseme Mbonea alifukuzwa. Hakufukuzwa. Mhunzi alikuwa mmoja, na mashamba yalihitaji majembe. Aliambiwa afue upya kila kisu alichokiuza, kimoja kimoja, mkia urefu wa kiganja, na asitie mpini hata mmoja. "Mpini atatia mwenye mkono," Bibi Nakundwa alisema, "akiwa amekwisha kuona anachokifunika." Na kwa kuwa maneno ya Mbonea ndiyo yaliyowapumbaza watu, akakatazwa pia kusifu kazi yake. Alifua mwaka mzima. Mikono ikamchubuka, na mwishowe, sitaki kumdhulumu, akawa mhunzi kweli.

Kisu cha kwanza kilichotoka motoni alipewa Namsi. Akaupasha mkia moto mpaka ukawa mwekundu, akausukuma ndani ya kipande cha mti mgumu, moshi ukamwingia machoni, akageuza, akasukuma tena, mpaka chuma kikachungulia upande wa pili. Akakitikisa. Hakikutikisika. Nakiete akamletea ndizi mbichi, haijamenywa. Namsi akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, akaanza. Vidole vilikuwa vimesahau. Ganda lilitoka nene, na nusu ya ndizi ikaondoka nalo. Binti yake akanyoosha mkono kumsaidia.

"Niache," Namsi akasema. "Nikate vibaya kwa raha yangu."

Na tangu siku hiyo, visu vya Mfinga huuzwa bila mipini, na mhunzi hunyamaza mpaka mnunuzi amalize kutazama. Kila nyumba ikipata kisu kipya, wa kwanza kukata nacho ni mwanamke mkubwa kuliko wote nyumbani humo, na hata akikata vibaya, hakuna wa kumpokonya. Na mtu kisu kikimvunjikia, iwe shambani iwe msituni, watu humkimbilia na swali moja tu: mkia ulikuwa mrefu kiasi gani? Habari za mkono hawaulizi.