Meno ya Mlango wa Nyarusina

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliokwisha kulala? Sogeeni, kuni bado zipo. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa naona mko nami. Hapo zamani za kale, kabla injini hazijanguruma ziwani, palikuwa na bandari ikiitwa Nyarusina. Ilikuwa bandari nzuri. Nje ziwa lilichafuka, ndani maji yalitulia, na katikati palikuwa na mlango mmoja tu, baina ya miamba miwili. Mababu walisimulia kwamba zamani mitumbwi miwili ilipita hapo sambamba, wapiga makasia wakitaniana, wala hakuna aliyeogopa.

Kisha siku moja upepo ulivuma ghafla, mtumbwi ukapinduka mlangoni, mtu mmoja akazama asionekane tena. Nduguye akalia, akalia, akalia. Hakuwa na kaburi la kufagia. Basi akachukua figa moja la jikoni kwake, akaenda nalo mlangoni, akalitupa majini, akasema, "Ndugu yangu, tumekukumbuka."

Watu wakaona ni jambo la heshima. Na kweli lilikuwa la heshima, msinitazame hivyo. Ikawa desturi: aliyefiwa mlangoni alitupa jiwe kutoka nyumbani kwake, na kila aliyepita alitupa lake, akasema, "Tumekukumbuka." Watu wa Nyarusina hawakuwa watu wa kusahau wafu wao.

Lakini miaka ikapita, na mitumbwi ikaanza kupasuka. Ikapasuka siku za upepo, ikapasuka siku za utulivu, ikapasuka hata mikononi mwa mafundi wa kasia. Watu wakasema, "Ziwa limeota meno." Na kila mtumbwi ulipopasuka, mawe mengine yakatupwa.

Basi alikuwapo mwanamke jina lake Nyamisana. Mumewe, Mafuru, alikuwa mvuvi, mtu wa maneno mengi, na uji wa ulezi wa mkewe aliusifia kila asubuhi utadhani anaunywa kwa mara ya kwanza. Mlango ukamchukua. Siku ya kutupa mawe, wengine walileta mafiga. Nyamisana alileta jiwe lake la kusagia, zito, lililochimbika katikati kwa miaka ya kusaga. "Nimsagie nani tena?" aliuliza, akalisukuma likazama. Tangu hapo akawa anakwenda kusagia kwa jirani.

Alibakiwa na mtoto mmoja tu, Nyakwesi, aliyeolewa kisiwa cha ng'ambo. Siku moja wachuuzi wa vyungu wakaleta salamu: Nyakwesi ana mimba yake ya kwanza. Na kwa desturi yao, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake. "Atakuja ulezi ukishavunwa," walisema. Majirani wakapiga vigelegele. Nyamisana naye akapiga kimoja tu, kisha akageuka kutazama mlangoni, kwa maana njia ya kuja ilikuwa ile ile moja.

Akamwendea Mzee Bwire, mwangalizi wa mlango. Mzee huyo alikuwa amepoteza wana wawili pale pale.

"Baba, mwanangu anakuja. Nifanyeje?"

"Ziwa lina njaa, Nyamisana. Lipe mawe zaidi."

Nyamisana akajaza kikapu mawe, akajitwika, akaanza kufuata ufuko. Na kwa kuwa hofu haikai kimya, alimuuliza kila aliyekutana naye.

Alimkuta Kiboko akiota jua. "Bwana Kiboko, ni nini kinachokula watu wetu mlangoni?"

Kiboko akapuliza maji puani. "Usinitazame mimi, mama. Mimi nala nyasi. Na mlangoni sipiti siku hizi, tumbo langu linakwaruzwa."

Akamkuta Mnandi, yule ndege mzamia samaki, akianika mabawa. "Bwana Mnandi, ni nini kinachokula watu wetu mlangoni?"

"Sijui, mama. Ujanani nilizamia pale hadi pumzi ikaniishia, nisione chini. Siku hizi nasimama wima, maji yananifika magotini. Sijui nimerefuka?"

Karibu na mlango akamkuta Fisi Maji akitafuna kaa. Kabla hajauliza, akaulizwa yeye: "Mama, unapeleka wapi kikapu hicho?"

"Nalipelekea ziwa mawe, lishibe."

Fisi Maji akacheka hadi kaa akamponyoka. "Ningoje hapo hapo," akasema.

Akazama, akaibuka na jiwe lenye masizi ambayo maji yameshindwa kuyaosha. Lilikuwa figa. Akazama tena, akaibuka na jiwe lenye tundu, la kuzamishia nyavu. Akazama mara ya tatu, akaibuka mikono mitupu.

"La tatu limenishinda. Liko juu kabisa ya rundo, mengine yote yameteleza pembeni mwake. Kubwa hilo, na katikati limechimbika kama bakuli."

Kikapu kikamponyoka Nyamisana.

"Ziwa halina meno, mama," Fisi Maji akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Meno mmelitia nyinyi, moja moja, huku mnalia."

Nyamisana akaketi mchangani. Akawakumbuka waliokufa baada ya Mafuru. Akaukumbuka mtumbwi wa akina Masatu, uliojaa watoto, uliopasuka siku isiyo na upepo.

"Ule wa akina Masatu," akauliza taratibu, "uligonga jiwe gani?"

Fisi Maji akatazama pembeni. "Mimi nakula kaa tu, mama. Sikuangalia."

Lakini aliangalia, na Nyamisana alijua kwamba aliangalia. Akalia kuliko alivyolia siku ya msiba, maana siku ya msiba hakuwa na la kujilaumu.

Akarudi kwa Mzee Bwire, akamweleza yote. Mzee akaligeukia ziwa.

"Wanangu wamelala pale. Unataka nikawang'oe?"

"Baba, wanao hawamo ndani ya mawe. Mawe ni yetu sisi."

"Anayeondoa jiwe amemsahau mtu. Mumeo utamwambia nini?"

Hilo ndilo neno Nyamisana alilokuwa akiliogopa njia nzima. Akasema, "Nitamwambia mwanawe yuko njiani. Jiwe la mtu mwingine sitaligusa, baba. Nitatoa langu."

Habari ikaenea. Wengine wakasema amerukwa na akili kwa huzuni. Wengine wakasema ataleta balaa. Alipochukua kamba nene akaenda mlangoni, kijiji kizima kilikuwa kimejipanga miambani kutazama. Kusaidia, hakuna aliyesogea. Mnajua watu.

Nyamisana akatembea juu ya rundo, maji yakimfika magotini. Akapapasa kwa miguu hadi wayo ukaingia kwenye shimo analolifahamu. Akainama, akalifunga jiwe, akavuta huku akiimba:

"Jiwe langu, twende nyumbani,
ulezi umekauka,
mwana yuko njiani."

Jiwe halikutikisika. Akaimba tena, akavuta tena. Jiwe likasogea kidogo, likakwama.

Ndipo mtu akapiga kelele kutoka mwambani. Nje, kwenye ziwa lililoanza kuchafuka, mtumbwi ulikuwa unakuja, upepo ukiusukuma kwa nyuma. Mbele wapiga makasia, na katikati, chini ya kitambaa chekundu, mwanamke mwenye mimba. Watu wakapunga mikono, "Rudini! Rudini!" Lakini mtumbwi unaosukumwa na upepo utarudi wapi? Nyakwesi akadhani wanamkaribisha. Naye akapunga.

Nyamisana akaimba mara ya tatu, sauti imemkauka, kamba imemchuna viganja. Jiwe likagoma. Kisha akaona kamba imekuwa nyepesi mkononi. Akageuka. Mzee Bwire alikuwa nyuma yake majini, na shuka lake, na machozi yake, ameshika kamba.

"Vuta, mwanangu," alisema. "Vuta, tusije tukapata jiwe jingine la kutupa."

Mwambani akashuka mtu, akashuka mwingine, akashuka mama wa wale watoto wa akina Masatu. Wakavuta wote wakiimba. Jiwe likang'oka, likaburuzwa, likatoka katikati ya njia. Na pale pale mtumbwi ukaingia, ukakwaruza chini, krrrr, watu wote wakaziba midomo, ukapita.

Siku hiyo Nyamisana alimweleza mama wa akina Masatu kila kitu, hakumficha neno. Yule mama akainuka, akaenda zake. Ila kesho yake alikuja mlangoni na kamba yake.

Na Mzee Bwire alikuja. Yeye ndiye aliyechelewa kuondoka majini, akiyapapasa mafiga ya wanawe moja moja. Mawe yakatolewa majini, yakapangwa juu ya miamba yote miwili, marundo marefu, Mnandi akahamia juu yake, na kazi ya mnandi mnaijua: marundo yakawa meupe kwa kinyesi chake, wapiga makasia wakayaona tangu mbali na kujua njia iko wapi. Hadi leo anayeingia salama Nyarusina hupanda mwambani, huweka jiwe lake juu ya mengine, husema, "Tumekukumbuka."

Na lile la kusagia? Hilo lilirudi jikoni. Nyakwesi alipojifungua, mama yake akaliosha mara tatu, akasaga ulezi, akampikia uji wa mzazi. Nyakwesi akanywa funda moja, akakunja uso.

"Mama, mbona uji una mchanga?"

Nyamisana akamtazama mtoto mikononi mwa mwanawe.

"Kunywa tu, mwanangu. Ni baba yako anakusalimu."

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Kesho, mwenye jiwe mkononi atazame kwanza anakolitupa.