Kisima cha Wanaonguruma

Mwaka ule jua lilipania. Mito ilikauka, na huko ng'ambo ya mlima hata tope lilikuwa la kugombaniwa. Ndipo Kanga alipombeba kifaranga wake mwenye homa, akavuka mlima pamoja na wanyama wengine, wakafika bonde la Simba, penye kisima kisichokauka.

Bawabu wa kisima alikuwa Fisi, na tumbo la Fisi mnalijua. Alipowaona wageni alianza kulililia: wakinywa hawa, mimi nitabaki na nini? Akakimbilia kwa Simba.

"Mtukufu, wageni wanabwabwaja vilugha vyao kisimani. Tukiwaachia, hata watoto wetu watasahau kunguruma. Toa amri: anayetaka maji aombe kwa Kisimba."

Simba, ambaye ukikisifu kivuli chake atakushukuru yeye, akavimba kichwa. "Kumbe lugha yangu ni tamu eh?"

"Tamu mno, Mtukufu. Ndiyo maana isichafuliwe."

Amri ikatoka. Fisi akakizungushia kisima ua mrefu wa miiba, akajifungia ndani, tumbo majini. Kisimba chenyewe yeye hakijui. Akijaribu kunguruma hutoka kicheko. Lakini nani wa kumtahini bawabu?

Kanga akafika mlangoni. "Kaka Fisi, mtoto anaungua. Nipe tone tu."

"Sijasikia. Nguruma."

Kanga akajikaza, akatoa alichojaliwa: "Kekere, kekere."

Fisi akacheka mpaka maji yakaruka. "Nenda kajifunze, mama. Ukishajua, rudi."

"Na homa nayo itanisubiri nijifunze?"

Fisi akajilaza tena majini. Nguruwe naye alikuwa ameshafukuzwa. Mkoromo wake, aliambiwa, unakaribia ngurumo, ila kukaribia si kufika. Kanga akaondoka. Kifaranga hakuwa akifumbua macho tena.

Njiani akakutana na Sungura, akamweleza yote. Sungura akakuna sikio. "Dada Kanga, rudi ukakae pale pale mlangoni. Mfalme atakuja kuomba maji sasa hivi, tukisikie hicho Kisimba chake."

Akaenda kwa Simba na sega la asali, nyuki wamo bado. "Mtukufu, sisi wanyonge huwafukiza moshi kwanza. Nasikia wafalme hulamba hivi hivi."

"Umesikia vyema," akasema Simba, akalamba.

Nyuki hawana habari na ufalme. Ulimi ukavimba, ukajaa kinywa chote. Simba akatimua mbio hadi kisimani, akaugonga mlango. "Mwi. Mwi."

"Mwi ndiyo lugha gani?" akauliza Fisi kutoka ndani, wala hakuinuka kuchungulia. "Hapa ni Kisimba tu. Kama hukijui, rudi ulikotoka."

"Mwi," akalia Simba, machozi yakimchuruzika.

"Mama yako hakukufundisha kusema? Potea."

Kanga alikuwa na kila sababu ya kunyamaza na kufurahia. Akashindwa. "Anaomba maji, wewe! Mwenye kiu akilia, kuna la kutafsiri hapo?"

Simba akamgeukia yule ndege, akamwona na kifaranga aliyelegea ubavuni mwake. Akaona haya. Kisha akaubomoa ule ua kwa kifua chake.

Fisi alipotambua ni nani, hofu ikamvuruga ulimi. Alitaka kusema kwamba alikuwa akiitetea lugha ya mfalme, lakini kilichomtoka ni kicheko cha kwao.

"Sema Kisimba, kaka," Sungura akamwambia, akiwa amemfuata mfalme mpaka pale.

Fisi akajaribu tena, akacheka tena. Simba akatega sikio, akatikisa kichwa kama asiyeelewa, akamwonyesha njia ya mlimani, kule kwenye tope la kugombaniwa. Fisi akaenda, mkia kati ya miguu.

Wote wakanywa. Kifaranga alipozinduka alilia kwa Kikanga, na hapana aliyemnyamazisha. Simba aliuloweka ulimi wake, bega kwa bega na Nguruwe. Nguruwe akanywa akakata kiu, akafuta pua, akamtazama mfalme. Kati ya wote waliokuwapo pale, yeye ndiye mwenye haki zaidi ya kuyasema haya:

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa Simba mchungu."