Kondoo Wasiolia wa Mama Tupokigwe

Nikisema "Zizini!", nyinyi nijibuni "Kimya!" Ndivyo tutakavyokwenda, maana hadithi yenyewe haina makelele.

Zizini!

Kimya!

Kulikuwa na watoto watatu wa mama mmoja, Mama Tupokigwe, huko juu milimani ambako ukungu hauondoki mpaka jua limekomaa na nyasi hazirefuki kwa baridi. Kila mmoja alizaliwa na kipaji chake.

Ambakisye, wa kwanza, alikuwa na mluzi. Akiupiga, mbwa wake aliyeitwa Hodi aliruka bondeni, na kondoo waliotawanyika kilima kizima wakawa kundi moja mlangoni mwa zizi kabla maji ya chai hayajachemka. Jina la mbwa lilikuwa Hodi, lakini hakuwahi kubisha mahali. Alikuwa anafika tu.

Gwamaka, wa pili, alikuwa na mikono. Aliingia katikati ya kundi, akarusha mkono, na kondoo aliyemtaka alikuwa keshashikwa sufu ya ubavuni, keshapinduliwa, miguu juu. Hakuna aliyewahi kumponyoka.

Atupele, binti wa mwisho, alikuwa na dawa. Alijua ya minyoo, ya kupe na ya kikohozi. Aliinua kichwa cha kondoo juu kabisa, akaingiza shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, na dawa ikaisha bila tone kumwagika.

Baba yao alipofariki aliacha kondoo na malisho. Matanga yalipoanuliwa, kaka yake marehemu, jina lake Ambwene, alikaa kwenye kigoda akakohoa kidogo.

"Shemeji," alimwambia Mama Tupokigwe, "kondoo hawa ni wa ukoo. Lakini mimi si mtu mbaya."

Mtu akianza hivyo, wewe shikilia kiti chako.

"Majike wana mimba," akaendelea. "Wakizaa salama, kondoo na malisho ni vyako na wanao. Kundi likipungua, mmoja wa wanao atahamia kwangu, anichungie mpaka hasara irudi."

Ambwene aliishi ng'ambo ya mlima, mahali pa upepo. Mchungaji wake wa mwisho alirudi kwao amekonda, na tangu hapo ukimsalimia hakujibu. Watoto wote watatu walimjua kijana huyo. Walipokutana naye njiani walitazama pembeni.

Basi Mama Tupokigwe akaweka utaratibu. Majirani waliwaogesha kondoo wao mara mojamoja, kupe walipozidi. Yeye akasema, "Sisi ni kila Jumatano. Wakusanywe, wakamatwe, wapapaswe matumbo, wanyweshwe dawa, waogeshwe. Asije mtu akasema mjane alizembea."

Wakaanza. Ambakisye alipiga mluzi, kundi likashuka mbio. Gwamaka alikamata. Atupele alinywesha. Kisha wote wakasukumwa kwenye josho, shimo la maji ya dawa, wakatoka upande wa pili wakitetemeka.

"Leo umechelewa kuwashusha," Gwamaka alimtania kaka yake. "Nimekaa hapa mpaka ndevu zimeota."

"Ndevu zipi? Hizo ni manyoya ya kondoo yamekunasa."

"Acheni maneno, nishikieni huyu," alisema Atupele. "Nyie mnacheza, mimi ndiye daktari hapa."

Walicheka, na kazi ikaenda haraka. Hakuna aliyempiga kondoo hata fimbo moja. Hilo nataka mlikumbuke.

Palikuwa na jike mmoja aliyependwa kuliko wote. Uso wake ulikuwa mweusi, tumbo lake kubwa, wakamwita Mpole. Jumatano moja, kabla kazi haijaanza, Atupele alikuwa amekaa karibu naye akimtazama anavyocheua. Mluzi ukalia kule juu. Taya la Mpole likasimama. Nyasi zilikuwa bado mdomoni, na yeye hatafuni wala hatemi.

Atupele akaenda kwa mama yake. "Mama, mbona wakisikia mluzi wanaacha kucheua? Na jioni yake hawali vizuri."

Mama Tupokigwe alikuwa anakoroga dawa ya josho. "Umesikia kondoo analia?"

"Hapana, Mama."

"Mbuzi ukimgusa tu anaita kijiji kizima. Kondoo wetu wametulia. Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Hawa ni waungwana, mwanangu, hawana neno. Lete chupa."

Atupele akaleta chupa.

Zizini!

Kimya!

Mvua za baridi zikaingia. Jike wa kwanza akatupa mimba nyuma ya zizi, na kitoto hakikuwa hata na manyoya. Wa pili akaanza kukohoa. Mama alipoona hivyo akaogopa, na mwenye hofu huongeza bidii. Ikawa Jumatano na Jumamosi. Mluzi mara mbili, mikono mara mbili, dawa mara mbili. Kikohozi kikaenea. Asubuhi walipofungua zizi, waliosimama walisimama, na waliolala wengine hawakuamka. Hakuna aliyesikika akilia.

Mpole alikufa amepiga magoti, kichwa ukutani.

Ambwene alikuja na daktari wa mifugo, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Sikitu. Sikitu akamchuna Mpole na kumpasua mbele yao wote, juu ya majani ya migomba yaliyoletwa kutoka bondeni.

Chini ya ngozi, ubavuni, nyama ilikuwa ya zambarau, doa juu ya doa, kila doa upana wa kiganja. Gwamaka aliutazama mkono wake akauficha nyuma.

Ndani ya mapafu kulikuwa na kitu cheupe kimeganda. "Dawa," Sikitu alisema. "Kichwa kikiinuliwa juu sana, dawa haiendi tumboni." Atupele akakaa chini.

Ini lilikuwa la manjano, laini kama kiini cha yai. "Jike mwenye mimba kubwa akikimbizwa, akaacha kula, mwili unajila wenyewe." Ambakisye akamwita Hodi, lakini hakuwa na la kumwagiza.

"Sasa kipi kilimuua?" Ambwene aliuliza.

Sikitu alifuta kisu. "Kimoja kimoja, Mzee, angevumilia. Vyote pamoja, kila wiki, na hofu juu yake, mwili ukachoka kujilinda. Kikohozi hiki kondoo wa jirani walipiga chafya tu wakakisahau."

"Lakini hawakulia!" Mama Tupokigwe alisema.

"Kondoo halii akiumwa, Mama. Porini anayelia ndiye anayeliwa kwanza. Kimya chake ndicho kilio chake."

Hapo ndugu wakaanza.

"Ni mikono yako," Ambakisye alimwambia Gwamaka. "Tazama, alama za vidole hizo!"

"Nisingewakamata kwa nguvu kama wangekuja wametulia. Nani aliwaleta wakihema? Wewe na mbwa wako mwendawazimu."

"Na mapafu je?" Ambakisye akauliza. "Hodi ndiye aliyeshika chupa?"

"Haya, nisemeni mimi," Atupele alisema huku analia. "Mlimshikilia hivyo mgongo chini shingo juu, mlitaka nimnyweshe wapi, sikioni?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilikuuliza, Mama."

Mama Tupokigwe alipiga magoti karibu na ubavu wa Mpole, akaweka kiganja chake juu ya doa moja. Akakiondoa, akaweka juu ya jingine.

"Shemeji," alisema mwishowe, "nitakuja mimi. Amri ilikuwa yangu."

Ambwene akatikisa kichwa. "Ukiondoka wewe, malisho hayana mwenyewe, na wote watatu watakosa pa kukaa. Tulikubaliana mtoto. Chagua. Nitangoja hapo nje, nimalize kiko changu."

Akatoka.

Mama akawasimamisha wanawe ukutani mwa zizi. Mwenye mluzi ndiye aliyeanzisha hofu. Mwenye mikono ndiye aliyeacha alama za wazi. Mwenye dawa aliona dalili kwa macho yake, akauliza, kisha akaleta chupa. Na yeye mwenyewe, aliyeulizwa, ndiye sasa hakimu.

"Wanangu," alisema, "yupo anayekubali kwenda?"

Kimya.

"Yupo anayeogopa? Aseme. Sitamkasirikia."

Kimya. Ambakisye alitazama mbele. Gwamaka alitazama miguu yake. Atupele, aliyekuwa akilia muda si mrefu, alikuwa ameacha, na taya lake lilikuwa limesimama. Walikuwa wametulia, wote watatu, kama walivyolelewa.

Mama akapita mbele yao, akarudi. Zamani angesema, nina watoto waungwana. Sasa aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, na hakuweza kujua ni yupi amenyamaza kwa kuwa yuko tayari, na ni yupi amenyamaza kama Mpole.

Nje, Ambwene alikung'uta kiko kwenye jiwe.

Wenzangu, mimi naishia hapa, kwa sababu mama yule bado amesimama. Ampeleke yupi? Au kuna mwingine mnayeona ndiye anayestahili kuubeba mzigo huu? Je, wewe ungeamua vipi?

Zizini!

La, safari hii msijibu kimya. Semeni.