Magugu Mafupi ya Nietiwe

Ulilouambia udongo, mche hulisikia. Jumapili mlimsikia mama mmoja akimwambia hivyo mzee aliyemwita mjukuu wake zuzu mbele ya watu, na tangu hapo mnauliza neno hilo limetoka wapi. Basi tulieni. Lilitoka bustanini, huko milimani Upare, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Nietiwe alikuwa mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo. Akishasali, huingia kwenye maua. Alipanda krisantemu kwenye vyungu na kuziuza hotelini Moshi. Wenye hoteli walitaka maua mafupi yaliyojaa, yakae mezani bila kuinama, na zake, kwa mvua ile ya milimani, zilirefuka kama zinachungulia ukuta wa jirani. Mwenye duka la pembejeo akampa dawa ya kudumaza.

"Usipulizie majani, mama," akamwelekeza. "Mimina kwenye udongo. Mche utajinywea wenyewe."

Akafanya hivyo. Miche ikafupika, ikanenepa, maua yakafunika chungu chote. Hoteli zikapenda.

Mwaka huo binti yake, Nakijwa, akachumbiwa. Nietiwe alitaka maua ya dalia, nyeupe ndefu, zijipange kandokando ya njia, kutoka mlangoni hadi barabarani, bibi harusi apite katikati. Akachimbua viazi vya dalia, ile mizizi yake ya kupandia, akagawana na wifi yake Namkunda, dada wa marehemu mumewe, ambaye walipakana naye ua. Kitalu cha Nietiwe kilikuwa kimechoka, lakini pembeni palikuwa na lundo la udongo uliotolewa kwenye vyungu vya maua ya zamani: mweusi, wa msituni, alioubeba mwenyewe kichwani. Kuutupa aliona ni kufuru. Akaumwaga wote kitaluni, akapanda.

Dalia zikaota, zikafika kimo cha kiganja, zikakaa hapo. Nietiwe akatia samadi, akamwagilia, akaomba. Zilikaa palepale, kijani kibichi, kama zimeambiwa zisubiri. Na ng'ambo ya ua, dalia za Namkunda, za viazi vilevile, zilikuwa zimefika kifuani.

Hapo moyo wa Nietiwe ukaingia giza. Namkunda hakujaliwa mtoto. Kila asubuhi alisimama uani, akaangalia kitalu na kusema, "Wifi, zako zimekataa." Nietiwe akayaunganisha hayo mawili. Jioni moja, wakichambua maharage, akamwambia binti yake, "Shangazi yako ana jicho. Siku ya harusi asikushike mkono."

Halikuwa neno dogo. Katika ukoo wao shangazi ndiye humshika bibi harusi mkono na kumtoa chumbani. Asipofanya hivyo, watu huondoka wakiulizana.

Kesho yake Namkunda akaja na mafuta ya kumpaka mtoto wa kaka yake mikononi, kama ilivyo desturi. Nakijwa akaficha mikono mgongoni. Namkunda akaiweka chupa mezani, akatoka, akamkuta Nietiwe kitaluni.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Zako zimefika kifuani. Zangu unaziona."

"Naziona. Kwa hiyo nimezifunga mimi?"

"Sijasema."

"Umesema, ila si kwangu." Namkunda akainama, akang'oa gugu moja, akamtia wifi yake kiganjani. "Nini hiki?"

"Kishona nguo."

"Kwangu kishona nguo kinanifika kiunoni. Hiki kimeshazaa mbegu, na hakijapita kifundo cha mguu. Haya, dalia nimezionea wivu. Na magugu je? Nani huyaonea magugu wivu?"

Nietiwe akatazama. Kitalu chote kilikuwa hivyo. Kila jani lililoota mle lilikuwa fupi, nene, kijani kibichi. Hatua moja tu nje, ambako udongo wa vyungu haukufika, magugu yaleyale yalimfika magotini. Ndipo akalikumbuka lundo, na maneno ya mwenye duka.

"Ni dawa," akasema taratibu. "Mimi niliziambia krisantemu zisirefuke. Udongo ukaendelea kuziambia na dalia."

"Basi si mimi."

"Si wewe, wifi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Njoo ukate dalia zangu, zitatosha. Maua si shida." Namkunda akageuka kuelekea nyumbani kwa Nietiwe. "Yule mtoto amenifichia mikono. Neno lile nalo ulilimimina wapi?"

Nietiwe akamshika wifi yake mkono, wakaingia ndani pamoja, na mbele yake akamwambia Nakijwa, "Niliyokwambia juu ya shangazi yako si kweli. Nilimsingizia." Binti akainamisha kichwa, akasema amesikia.

Siku ya harusi dalia za Namkunda zilipangwa njia yote, nyeupe, ndefu. Namkunda akaja mpaka mlango wa chumba, akanyoosha mkono. Nakijwa akautoa wake. Lakini kabla ya kuutoa alisita, kidogo tu, na wageni hawakuona. Wale wanawake wawili waliona.

Kitalu kile kilikaa misimu mingi kabla hakijaotesha tena kitu kirefu. Wapita njia walipomuuliza Nietiwe kwa nini hata magugu yake ni mafupi, hakueleza habari za dawa, wala za harusi. Alijibu hivi tu: ulilouambia udongo, mche hulisikia.