Kwa Nini Watu wa Ulaya Hukataa kwa Neno Fupi

Hapo kale, Ulaya ilipokuwa bado haijakatwakatwa na mipaka, watu wake wote walikaa katika bonde moja chini ya mlima wa theluji na walisema lugha moja. Hapakuwa na Mfaransa wala Mjerumani wa kumcheka mwenzake matamshi. Walikuwa watu wa adabu sana, adabu ile ya kuchosha. Kukubali jambo kulikuwa rahisi, mtu alitikisa kichwa tu yakaisha. Kukataa ndiko kulikokuwa na kazi.

Aliyetaka kukataa ilimbidi atamke neno moja refu, nemelidorovasti, maana yake, “ewe mwema uliyenijia, moyo wangu haukuelekea huko.” Alitakiwa alitamke kwa pumzi moja bila kukwama, na akikwama alianza upya. Wakati huo aliyeomba alishika donge la theluji kiganjani. Theluji ikiyeyuka yote kabla neno halijakamilika, ilihesabiwa kwamba aliyeombwa amekubali. Sisi huku mtu akitaka kukataa husema “tutaona,” anakwenda zake na hakuna anayemfuata. Wale maskini hawakuwa na njia hiyo. Wenye pumzi fupi waliazimisha ng'ombe wao mpaka wakasahau rangi zao.

Katika bonde hilo aliishi msichana aliyeitwa Venka, binti wa mfuma sufu mjane, Drusa. Venka alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Nyumbani hakikumsumbua, kwa sababu mama yake alimsubiri amalize, hata uji upoe. Lakini nje ya nyumba alikuwa mtu wa kukubali kila kitu. Alibeba kuni za majirani, alilea watoto wasio wake, na watu wakamsifu kuwa ana moyo mwema. Hakuna aliyejua kwamba nusu ya wema huo ilikuwa ni neno lililomkwama kooni.

Ikafika siku Borvani alipomposa. Borvani alikuwa na kondoo wengi juu mlimani, na wake aliowahi kuoa waliwafuata kondoo hao kwenye barafu mpaka baridi ikawamaliza mmoja mmoja. Kila mtu alilijua hilo. Drusa alipopata habari aliangusha sufu yake motoni na hakuiokota. Kumsemea binti yake hakuruhusiwa, kwani desturi ilitaka aliyeombwa ajibu kwa kinywa chake mwenyewe.

Watu walikusanyika uwanjani. Aliyesimamia desturi alikuwa mkunga wa bonde, Bibi Sorma, ambaye aliwapokea duniani karibu wote waliokuwapo, Borvani akiwemo. Borvani aliinama, akachota theluji, akaifinyanga vizuri na kusema ombi lake. Kiganja chake kilikuwa cha moto. Alikuwa amekipasha kwenye mkono wa kanzu yake ya manyoya tangu alipotoka nyumbani, mjanja yule.

Venka akafungua kinywa. “Ne-ne-neme,” akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Matone ya kwanza yalipita katikati ya vidole vya Borvani. Kadiri Venka alivyojikaza ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito, na macho ya watu yalimchoma kuliko upepo. Alimtazama mama yake. Drusa alikuwa amesimama vilevile alivyosimama kila siku jikoni akimsubiri, bila kumharakisha, bila kumsaidia kwa midomo. Hapo Venka aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mama yake tayari alikuwa ameelewa. Sikuzote alielewa kabla neno halijaisha, akasubiri kwa mapenzi tu.

Basi Venka akaacha kupigana na ulimi wake. Alivuta pumzi, akamkazia Borvani macho, akasema, “Ne.” Kisha akafumba kinywa.

Borvani alimwambia amalizie. Venka akasema tena, “Ne,” na safari hii sauti haikutetemeka hata kidogo. Borvani akacheka, akainua kiganja ili watu waone theluji ilivyobaki kidogo kama punje.

“Sote hapa tunajua anachotaka kusema,” alisema, “lakini hajakisema.”

Bibi Sorma akamsogelea. “Umejua anachotaka kusema?”

“Nimejua, nani asiyejua?”

“Kama umejua, mwanangu, basi umekwisha kuambiwa. Tupa hiyo theluji, utapata ganzi.”

Borvani alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea, akakosa. Akafuta mkono kwenye kanzu na kupanda mlimani kwa kondoo wake. Drusa alikaa chini kwenye theluji kama mtu aliyetuliwa mzigo, akacheka na kulia kwa pamoja, na binti yake akakaa naye. Watu walishusha pumzi bonde zima. Mtu mmoja alimgeukia shemeji yake papo hapo kuhusu ng'ombe wa kuazima, akamwambia “ne,” wakakumbatiana kwa furaha, hata shemeji mwenyewe.

Nyuma ya umati alisimama mzee Timaro, kofia ya manyoya imemziba masikio. Alipowaona watu wanakumbatiana na mama wa binti analia, aliuliza msichana kajibuje. Wakamwambia, “Kasema ne.” Timaro akafurahi kwamba posa imekubaliwa, na kwamba sasa limepatikana neno la kukubali. Wiki hiyohiyo akahamia kusini penye jua, na wanawe na kofia yake, wala hakuna aliyepata nafasi ya kumsahihisha.

Baadaye Venka aliposwa na mchonga vijiko aliyempenda. Angeweza kutikisa kichwa kama wengine, lakini hakutaka jambo kama hilo lipite kimya. Alitafuta neno lake mwenyewe, akagugumia, akaanza upya, theluji ikayeyuka yote mkononi mwa kijana na maji yakakauka. Kijana akasubiri mpaka neno likatoka. Waliosikia habari hiyo waliona wivu, kila nyumba ikajitungia neno lake la kukubali.

Na tangu siku hiyo, watu wa bonde lile walipotawanyika, kila kundi liliondoka na kipande kilekile kidogo cha kukataa. Wahispania husema no, Wafaransa hulipitisha puani, non, Wajerumani nein, Wapolandi nie. Wagiriki peke yao, wajukuu wa Timaro, wakisema ne wamekubali. Lakini neno la ndiyo ni da huku, ja kule, oui pengine, kwa maana kukataa kulihitaji kuwahi theluji, na kukubali, aliyekupenda atakusubiri.