Nani Atamvisha Luhende Tepe?

Hii nimetumiwa leo asubuhi, nikaisoma nimesimama mpaka chai ikapoa. Isome yote kabla hujamrushia bosi wako.

Jeshi la nchi moja lilikuwa na desturi yake. Askari akipanda kuwa koplo, havishwi tepe na jenerali. Anayemvisha ni askari wa chini, mmoja wa wale atakaowaongoza, na hakuna anayelazimishwa. Sajinimeja huuliza tu, "Nani anamvisha?" Asipotokea mtu, tepe hakuna.

Mwaka huo alikuwepo Luhende. Hodari wa shabaha, hodari wa mbio, na kwa kuwapigia wakubwa saluti hakuwa na mpinzani! Mama yake alisafiri kutoka kijijini, akakaa mbele kabisa na kitenge kipya.

Wenzake waliitwa mmoja mmoja. Kila mara askari walitoka mbio kuwavisha, nusura wagongane, na vigelegele vikapigwa.

"Luhende!"

Akasogea, kifua mbele.

"Nani anamvisha?"

Kimya.

Sajinimeja akarudia. Kimya! Kikosi kizima macho mbele, hata wa kukohoa hakuna. Jamani, hebu fikiria ndiyo wewe. Mama yake akashika mdomo.

Mwishowe akatoka askari mmoja, Kisinza. Watu wakaguna. Wote walijua kwamba kwenye mazoezi ya porini Kisinza alizidiwa na kiu, akaomba maji, na Luhende akayanawia miguu maji yaliyobaki huku akimcheka.

Kisinza akapokea tepe. Luhende akashusha pumzi, akamsogezea mkono.

"Samahani, afande," Kisinza akamwambia Sajinimeja. "Simvishi. Nimetoka kwa sababu mama yake anatazama. Sikutaka amwone mwanawe amesimama peke yake."

Akarudisha tepe, lakini yeye hakurudi kwenye mstari. Akabaki kando ya Luhende, wima. Sajinimeja akalitia tepe mfukoni.

Mama akainuka, akaja analia, na kila mtu alidhani anakwenda kumkumbatia mwanawe. Akampita! Akapiga magoti mbele ya Kisinza.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilimfunza kuwaheshimu wakubwa, nikadhani inatosha."

Funzo: Jinsi unavyomtendea mtu asiyeweza kukupa cheo ndiyo inayoonyesha kama unakistahili. Ukiwanyenyekea walio juu tu, siku moja jina lako litaitwa na hatatoka mtu.