Kwa Nini Mwita-Moto Huchoka

Zamani, moto ulipokuwa bado hauna kikomo, watu wa milima ya Ighenyi waliishi jirani na madubwana. Madubwana hayo yalilala mapangoni, yakaamka na njaa, yakashuka kula mbuzi, na mbuzi walipokwisha yakala watu. Kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na kundi lake la kuyakabili: mshika mkuki, mnyatiaji wa kutangulia na kupeleleza, mganga wa kufunga majeraha, na mwita-moto, ambaye alitamka neno tu na moto ukaruka kutoka viganjani mwake.

Mwita-moto wa siku hizo hakujua kuchoka. Aliita moto asubuhi, akaita adhuhuri, akaita alasiri, kisha akaketi kula bila hata tone la jasho. Kidogo kidogo wenzake wakageuka wapagazi wake. Mshika mkuki alibeba unga, mnyatiaji alitumwa kuni, mganga alipika. Na kundi liliporudi nyumbani na ngoma zikapigwa, jina lililoimbwa lilikuwa moja tu.

Katika kijiji cha Mbirwa alikuwako mshika mkuki aitwaye Wakesho, mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, asiye na maneno mengi. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, mdogo wake Mwaghesha, naye mshika mkuki, alikufa safarini akiwa amesimama ubavuni mwa Mwadime, mwita-moto wa kijiji. Mwili wake ulirudishwa bila jeraha, bila hata mchubuko. Mwadime alisema kijana aliliona dubwana, moyo ukasimama kwa hofu. Watu wakaamini. Mama yao akaacha kwenda kisimani saa ambazo wengine walikwenda, kwa aibu ya kuitwa mama wa mwoga.

Wakesho hakuamini. Alimjua mdogo wake, aliwahi kumwona akimfukuza chui zizini huku akicheka. Lakini hakuwa na ushahidi, akanyamaza. Dubwana jipya lilipotokea katika Korongo la Kasigha, aliomba mwenyewe kwenda. Hakueleza sababu, wala hakuna aliyemuuliza.

Walitoka wanne. Mbele alikuwa Kilelu, mnyatiaji, aliyeweza kupita juu ya majani makavu yasilie. Nyuma yake Mwadime, kisha Mama Mkawasi, mganga aliyekuwa ameanza kuzeeka, na mwisho Wakesho, akiwa na ngao na mzigo wa unga. Alikaa mwisho makusudi. Ukikaa nyuma ya mtu unamwona, yeye hakuoni.

Siku ya kwanza walivamiwa na fisi, na Mwadime akaita moto mara tano. Fisi wakatawanyika. Wakesho alipoinua ngao yake akaiona nzito kama jiwe la kusagia, na magoti yakamtetemeka.

"Umri huo, dada," Mwadime alimwambia, akicheka kwa upole.

Wakesho akacheka pia, ila macho yake hayakucheka. Jioni ile alimwona Mama Mkawasi akishindwa kufunga fundo la kifurushi chake cha dawa, vidole vimekufa ganzi. Kesho yake, baada ya moto mwingine wa kufungua njia katika miiba, Kilelu alikanyaga kijiti kikavu, kikalia *ka!* Kilelu mwenyewe aliduwaa, akakitazama kile kijiti kana kwamba kimemtukana.

Tangu hapo Wakesho hakupata raha. Alimtazama Mwadime anavyokula: alikula kidogo kuliko wote, na mashavu yake yaling'aa kuliko ya wote. Alimtazama anavyosimama: kila mara kabla ya kuita moto alisogea karibu na mtu. Mara kwa Kilelu, mara kwa Mama Mkawasi, kana kwamba ni kwa bahati tu. Lakini pia Wakesho alijishuku mwenyewe. Labda ni wivu. Labda ni uchungu wa Mwaghesha unaomtafutia mtu wa kumlaumu. Mtu mwenye msiba huona sura ya adui hata kwenye maji ya kunywa, naye alilijua hilo.

Kwa hiyo akaamua kujaribu. Siku ya tatu, Mwadime alipojiandaa kuchoma kichaka kilichoziba mdomo wa korongo, Wakesho alichukua vibuyu akasema anakwenda kuteka maji. Alishuka mpaka mtoni, mbali, akasikia moto ukinguruma mara nne huko juu. Akangoja magoti yatetemeke. Hayakutetemeka. Alipanda kile kilima na vibuyu vinne vilivyojaa, bila kuhema.

Juu alimkuta Mama Mkawasi ameegemea mwamba, midomo imepauka. Kilelu alikuwa amechuchumaa, akitikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni. Ndipo Wakesho alipotazama chini. Majani yote yaliyowazunguka wale wawili yalikuwa yamenyauka, yamejikunja kama yaliyopigwa na baridi kali. Chini ya miguu ya Mwadime yalikuwa mabichi.

Akaweka vibuyu chini taratibu. Akashika mkuki, akaielekeza ncha yake kooni mwa Mwadime.

"Mwaghesha alikufa kwa nini?"

"Dada, nilishakueleza. Hofu..."

"Tazama majani unayoyakanyaga. Kisha uniambie tena."

Mwadime akatazama. Kwanza alikasirika, akauliza ni nani amewaokoa na fisi, ni nani amewalinda watu wa Mbirwa miaka yote hiyo. Ncha ya mkuki haikusogea. Hasira ikamwisha Mwadime, akabaki na uso wa mtu aliyebeba kitu kizito muda mrefu na sasa hana pa kukiweka.

"Neno la moto lina nafasi ya jina," alisema kwa sauti ndogo. "Jina la anayetoa nguvu. Tulifundishwa kuiacha wazi. Ukiiacha wazi, moto hujichukulia kwa aliye karibu. Siku ile niliita mara nyingi mno. Nilipogeuka, Mwaghesha alikuwa amekwisha anguka."

"Ulijua."

"Nilijua baada yake."

"Na bado ukaendelea kuita."

Mkono wa Wakesho ulikaza mpini, na huenda hadithi hii ingeishia pale, kama Kilelu hangepiga ukelele. Dubwana lilikuwa limetoka korongoni. Lilikuwa refu kama nyumba mbili zilizopandana, ngozi yake kama gome la mti, na lilikuja mbio kuelekea kwa Mama Mkawasi, aliyejaribu kusimama akashindwa.

Mwadime akainua mikono. Wakesho akamfokea, "Ukichukua kutoka kwa yule mama, nakutoboa hapa hapa!"

"Nitataja jina langu," alisema.

Wakesho alimtazama, na kila kitu ndani yake kilimwambia kuwa huyu ni mwongo. Lakini dubwana lilikuwa limekaribia. Akaushusha mkuki.

Mwadime akatamka, na kwa mara ya kwanza tangu moto uanze kuitwa, mwita-moto akajitaja mwenyewe. Moto ukaruka, ukalichoma dubwana bega. Mwadime akapepesuka, jasho likamtoka. Akaita tena, na macho ya dubwana yakapofuka, lakini mashavu ya Mwadime yalibonyea na nywele zake zikageuka kijivu. Alipoita mara ya tatu moto ulipasua kifua cha dubwana, na Mwadime akaanguka kama gunia tupu.

Dubwana halikufa. Liliyumba kwa upofu, likipapasa ardhi kwa kucha, likamfuata kwa harufu yule aliyelichoma. Wakesho angeweza kusogea hatua mbili tu kando, na kisasi cha mdogo wake kingelipwa na mkono usio wake.

Hakusogea. Alisimama mbele ya Mwadime, akapokea pigo la kwanza kwa ngao, ngao ikapasuka. Kilelu, ambaye masikio yake yalianza kurudi, alizunguka nyuma bila kishindo akakata mshipa wa kisigino. Dubwana likapiga goti, na Wakesho akaupitisha mkuki pale kifuani moto ulipopasua. Likalala, milima ikatikisika.

Mama Mkawasi akajikokota hadi kwa Mwadime, akampaka dawa kifuani na kumsugua mpaka pumzi ikarudi. Mwadime akalala usingizi mzito tangu saa ile. Wakesho aliketi kando yake, mkuki magotini.

"Unamlinda au unamvizia?" Mama Mkawasi aliuliza.

"Sijui bado, mama."

Jua la kesho yake lilipochomoza Mwadime akafumbua macho. Aliomba maji, akanywa, kisha akasema, "Ni mara tatu. Zaidi ya hapo nakufa. Sitaiacha tena nafasi ile wazi, naapa."

Wakesho akakipokea kibuyu.

"Nimesikia," akasema.

Hakusema ameamini. Waliporudi Mbirwa, kabla ngoma hazijapigwa, alimsimamisha Mwadime mbele ya watu wote, mama yake akiwepo, aeleze jinsi Mwaghesha alivyokufa. Akaeleza yote. Waita-moto wa vijiji vingine walipopata habari hizo walikana, wakatukana, lakini washika mikuki wao walikwisha anza kutazama majani. Haukupita mwaka, wote wakawa wanajitaja.

Na tangu siku hiyo mwita-moto huita mara chache, kisha hulala. Ndiyo maana husimama nyuma, na mshika mkuki mbele yake, mganga karibu, mnyatiaji pembeni, na hakuna kundi linaloimba jina moja. Hata leo, watu wanapoketi mezani na kete zao kucheza mchezo wa kuigiza safari za namna hiyo, anayechagua kuwa mwita-moto huwaambia wenzake kwanza ana moto wa mara ngapi. Mshika mkuki humjibu, "Nimesikia." Kisha hujihesabia mwenyewe.